Dakika Moja ya Kufumba Macho

Waliniita ofisini kwa kosa la kulala kazini, mimi ambaye kwa miaka kumi na tisa ya ulinzi sijawahi hata kupiga miayo mbele ya bosi.

Kazi yangu ni kuangalia skrini. Ghala letu lina kamera kumi na sita, na picha zote zinakuja kwenye chumba kimoja kisicho na dirisha, ukuta mmoja, mbele ya kiti kimoja. Zamani tulikuwa wawili. Wakubwa wakakaa kikao, wakanywa chai yao, wakaona mtu mmoja anatosha kwa saa kumi na mbili. Ndivyo walivyo wakubwa wa kila mahali. Marehemu mke wangu alikata roho kwenye benchi la hospitali huku wakubwa wawili wakibishana ni sahihi ya nani inayotakiwa kwenye fomu. Nimeshasema, naendelea.

Kufika mwaka jana macho yangu yalikuwa yanawaka kama yamepakwa pilipili. Nikirudi nyumbani kichwa kinagonga, na taa naiona ina manyoya. Daktari alisema macho yenyewe ni mazima, yamechoka tu, niyapumzishe. Nikamwuliza, saa ngapi? Akaita mgonjwa mwingine.

Aliyenisaidia ni kitindamimba wangu. Anafanya kazi kwenye duka la uchapaji, anashinda kwenye kompyuta akipanga vitabu vya watu, na macho yalimsumbua kabla yangu. Jumamosi huenda kwenye mazoezi ya yoga na wanawake wenzake. Siku moja akanikuta nimejifunika kitambaa cha maji usoni.

"Baba, kaa nikufundishe."

"Ile ya kupeleka miguu kisogoni? Nikikwama utanikunjua wewe?"

"Hakuna kujikunja. Hii ni ya taratibu. Kuna bibi wa miaka themanini anaifanya."

"Basi kaifanye na huyo bibi."

"Baba. Kaa."

Sauti ile ni ya mama yake. Nikakaa.

Akaninyoosha mgongo, nyayo zikalala sakafuni. Nikapandisha mabega nikivuta pumzi, nikayashusha nikiitoa. Shingo kulia, shingo kushoto, polepole kama mlango wenye kutu. Kisha macho peke yake, kichwa kimetulia: juu, chini, pembeni. Nikatazama kidole gumba changu, nikatazama paa la jirani kule mbali, nikarudi kwenye kidole. Mwisho akaniambia nisugue viganja mpaka vipate joto, nivikunje kama bakuli, nifunike macho bila kuyabonyeza, nipumue. Giza lile, jamani! Ni kama umetuliwa mzigo ambao ulishasahau kuwa umeubeba.

Sikupona siku moja. Lakini baada ya wiki tatu taa ilinyoa manyoya yake, na kichwa kikaacha kugonga. Kazini nikajipangia: kila nusu saa, dakika moja. Kwanza namwita kwa redio mlinzi wa getini, tunayemwita Mapafu kwa ajili ya sauti yake.

"Nashusha pazia."

"Shusha, baba mkwe! Mimi nipo macho!"

Ananiita baba mkwe, ingawa sijamwahidi kitu.

Ambacho sikukijua ni kwamba wakubwa walishaweka kamera ya kumi na saba, pembeni mwa dari, ya kunitazama mimi. Mwenzangu wa kunisaidia walimkosa, ila kamera ya kunichunga waliipata.

Siku waliyoniita walinikalisha kwenye korido tangu saa mbili asubuhi, huku msimamizi amekalia kiti changu mbele ya skrini. Saa sita kasoro ndipo meneja akatufungulia mlango, mimi na huyo msimamizi, tukaoneshwa picha: mimi, viganja usoni, nimetulia tuli.

"Analala," akasema msimamizi.

"Nimekaa wima. Nani analala amekaa kama askari wa gwaride?"

"Basi unalia."

"Ningekuwa na sababu. Lakini napumzisha macho. Ni yoga."

Msimamizi akacheka mpaka akashika meza. Meneja hakucheka. Akasukuma karatasi: niandike maelezo kwa nini nisifukuzwe, mwisho kesho. Shule yangu iliishia darasa la nne, hilo wanalijua.

"Siandiki," nikasema. "Twende chumbani. Niulizeni ninachokiona. Nikikosea, naondoka leo hii na kofia naiacha."

Niliogopa, nisiwadanganye. Nikikosa kazi hiyo, kwa umri wangu hakuna geti la kubisha hodi.

Tukaingia. Sikukimbilia kutazama. Nilikaa wima, nikasugua viganja, nikafunika macho mbele yao wote wawili, nikahesabu pumzi kumi. Msimamizi akasonya. Nikafumbua.

Nikazipitia picha moja moja. Rafu ya tatu, boksi limekaa vibaya. Mlango wa nyuma, fundi hana helmeti. Nikafika ya tisa, ya getini. Nikasimama hapo.

"Hii imeganda."

"Acha utani," msimamizi akasema. "Nimeitazama asubuhi yote. Si unaona saa pale juu inatembea?"

"Saa inatembea. Kivuli cha nguzo hakitembei. Sasa hivi ni saa sita, jua liko utosini. Kivuli hicho kirefu ni cha saa tatu."

Meneja akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Geti kwenye picha lilikuwa limefungwa, kimya, hakuna hata paka. Akachukua redio.

"Getini, kuna nini hapo?"

"Malori matatu, bosi!" Mapafu akanguruma mpaka redio ikakwaruza. "Dereva mmoja kashuka ananitukana! Kwani hamnioni?"

Msimamizi alitazama viatu vyake. Nami sikumsaidia.

Meneja akaichana ile karatasi. Akasema kuanzia Jumatatu tutakuwa wawili tena, mmoja akipumzisha macho mwenzake anatazama. Najua tangazo likibandikwa litasema ni wazo la uongozi. Sawa. Walibandike. Ghala zima linajua limetoka kwa nani, na mimi nimeshawaambia wote limetoka kwa binti yangu.

Msimamizi alipotoka kwenda kutafuta fundi wa kamera, meneja alibaki. Hapo ndipo nilipoona macho yake: mekundu, na chini yake vifuko.

"Mimi nashinda kwenye kompyuta," akasema kwa sauti ya chini. "Hiyo ya viganja inafanywaje?"

Nikampisha kiti changu.

"Nyoosha mgongo. Miguu chini. Shusha mabega, hapa hakuna kikao."

Akatii. Akasugua viganja, akafunika macho, akapumua. Mtu mzima, tai shingoni, amekaa anavyoambiwa na mlinzi.

"Nifumbue?" akauliza.

"Bado," nikamwambia.