Nusu ya Kichwa cha Minza

Dafrosa alianzia kwenye ncha. Alishika fungu dogo la nywele nyuma ya sikio la kushoto la Minza, akalibana kwa vidole viwili karibu na ngozi ili mvuto usifike kichwani, kisha akaanza kuliachanisha kwa mkono wa pili, kutoka chini kwenda juu. Chanuo alikuwa ameliweka kando. Kwenye ngozi ile, hata chanuo la meno mapana lingekuwa reki.

Nywele zilikuwa nene, za kujisokota zenyewe, na rangi ya kahawia iliyoelekea wekundu bado iling'aa. Hicho ndicho kilichomuumiza Dafrosa. Rangi ilikuwa imekubali vizuri. Chini yake ngozi ilikuwa imevimba na kutoa maji, na maji yale yalipokauka yaligandisha nywele kama gundi, hata dawa ya kupaka ya hospitali ikawa haina pa kupita.

"Inauma?" aliuliza.

"Inawasha kuliko inavyouma. Endelea tu, dada."

Kila unywele uliong'oka aliuweka kwenye kisahani cheupe alichokishika Kija, mama yake Minza. Hayo yalikuwa masharti ya Manyanda, kaka yake Kija. Alikuwa amekuja asubuhi hiyo kwa pikipiki kutoka Majimoto, akaketi kwenye kigoda mlangoni mwa saluni na fimbo yake ya kuchungia juu ya mapaja. Tangu aketi, hakuna mteja aliyethubutu kuingia.

"Huo umeanguka chini," Manyanda alisema.

Dafrosa aliinama, akautafuta unywele kwenye sakafu, akauweka kisahanini.

"Mjomba, ukizidi kunitazama hivyo uvimbe utahamia kwako," Minza alisema. Kope zake zilikuwa zimejaa hata macho yakabaki kama nyufa mbili. "Halafu ng'ombe watakukimbia."

Kija aligusa bega la binti yake, akaliacha.

Jumatatu Minza alikuja kupaka rangi kwa ajili ya send-off yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Jioni alirudi Majimoto kwa basi. Usiku kichwa kikaanza kuwaka, na kulipopambazuka uso ulikuwa umevimba hata mdogo wake akaogopa kumsogelea. Hospitali ya mjini walimchoma sindano, wakampa vidonge, wakamruhusu jana. Muuguzi alishauri anyolewe ili dawa ifike kwenye ngozi. Kija alikataa palepale. Kwao mwanamke hunyolewa kichwa akiwa kwenye msiba. Binti aliyekwisha kutolewa mahari hawezi kuingia ukumbini na upara, watu wakamtazama kama mjane kabla hajaolewa. Ndipo Dafrosa akasema anaweza kuziachanisha nywele bila kuzinyoa, polepole, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya mtoto isiyo na harufu. Aliyasema hayo kabla hajajua kwamba Manyanda anakuja.

"Yule bibi wa karanga," Manyanda alisema. "Leo hayupo?"

Dafrosa alipulizia maji kidogo kwenye fungu lililofuata. Alihitaji jambo la kufanya kwa mikono.

"Bibi Monika ana siku zake za kupumzika."

"Anapumzika leo. Jumatatu hakupumzika."

Wote walijua alichomaanisha. Wateja wa Dafrosa wengi hawaachi nywele zao saluni. Zile zinazobaki kwenye chanuo huzifunga kwenye karatasi, wakaenda kuzichoma wenyewe nyumbani, ili zisiangukie mikononi mwa mtu mwenye nia mbaya. Dafrosa hakuwahi kumcheka mtu kwa hilo. Aliweka karatasi safi kwenye kopo kwa kazi hiyo. Lakini Jumatatu basi lilikuwa linakaribia kuondoka, Minza akiwa amesimama na mkoba begani, na Bibi Monika, anayekaanga karanga chini ya kibaraza cha saluni, akanyoosha mkono. "Nipe nikuchomee, mjukuu wangu, jiko langu linawaka." Minza akampa. Bibi akamgusa na nywele zilizokuwa kichwani, akazisifia, akasema zinapendeza kama za malaika.

Minza mwenyewe ndiye aliyemsimulia mama yake hayo, kitandani hospitalini, kama hadithi ya mtu mwema. Kija akamsimulia kaka yake.

"Alizichoma," Dafrosa alisema. "Niliziona zikiungua. Nilisikia harufu."

"Zote?"

Hilo Dafrosa hakulijua.

"Ni rangi, mjomba," alisema baadaye. "Hospitali wameandika ni mzio."

"Sikatai. Daktari anajua ni kitu gani. Hajui ni nani aliyekituma." Manyanda aliongea bila kupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Dafrosa zaidi. "Wewe umepaka watu rangi hapa miaka mingapi?"

"Mingi."

"Wangapi wamevimba hivi?"

Vidole vya Dafrosa vilisimama.

"Hakuna."

"Basi. Kuna mfumu mmoja, mpiga ramli, mbele ya Usevya. Hatuendi kugombana na mtu. Tunakwenda kuuliza tu. Nywele hizo nitakwenda nazo, yeye atatazama, atasema."

Dafrosa alijua kinachofuata baada ya kuuliza tu. Aliwahi kwenda kwenye msiba wa bibi mmoja aliyetajwa kwenye ramli. Jeneza halikufunguliwa, na katika waombolezaji wote hakuna aliyeuliza kwa nini. Bibi yule naye, kama Bibi Monika, alikuwa mjane, akiishi peke yake, macho mekundu kwa moshi wa jikoni.

Alilowesha fungu jingine. Nusu ya kushoto ilikuwa inakaribia kwisha. Pale palipofunguka alipaka dawa kwa pamba, kwa kugusa tu, bila kusugua. Alikuwa amemtumia Bibi Monika ujumbe tangu asubuhi kwamba leo asije. Hakumweleza sababu. Alidhani akimweleza atamtia hofu bure.

Kwa hiyo aliposikia kandambili zikiburutwa kwenye kibaraza, alijua kosa lake kabla hajageuka.

"Hodi humu," Bibi Monika alisema. "Nimeambiwa mjukuu wangu katoka hospitali, halafu mnanificha. Nimeleta uji."

Manyanda alikuwa mlangoni kabisa. Bibi alimsalimu, akasubiri ajibu. Hakujibu. Bibi akapita pembeni ya magoti yake, mdogo, aliyejifunga khanga mbili, na chupa ya chai kifuani. Alimtazama Minza, akashika mdomo.

"Yesu wangu. Nani kakufanya hivi?"

Fimbo iligonga sakafu. Manyanda alikuwa amesimama. Akamwambia dada yake neno kwa Kisukuma, na Dafrosa, aliyekisikia kila siku kwa wateja, alilielewa: yatazame macho yake.

Kija aliyatazama, mekundu kwa moshi wa jiko la karanga. Kisahani kilitetemeka mkononi mwake.

"Nipe, bibi, nina njaa," Minza alisema. Pengine hakuona kitu kwa zile nyufa zake, au pengine aliona. Bibi alimimina uji kwenye kikombe. Minza akanyoosha mkono wa kulia kukipokea, na mkono ukapita chini ya dirisha, kwenye mwanga.

Mgongoni mwa kiganja kulikuwa na maua. Hayakuwa meusi tena. Yalikuwa yamebaki alama zilizofifia, nyeupe kuliko ngozi, shina na majani na duara za petali, zimeinuka kidogo kama kovu la moto. Dafrosa aliushika mkono ule na kikombe chake.

"Hii nini, Minza?"

"Piko, ile hina nyeusi. Tulichorwa kwenye harusi ya Evaline. Mimi nilikuwa msimamizi."

"Piko hufutika."

"Yangu ilitoa malengelenge," Minza alisema. "Nilijikuna wiki nzima. Mama akanipaka samli."

"Wenzako uliochorwa nao?"

"Wazima. Walinicheka, wakasema nina ngozi ya kizungu."

Dafrosa aliuachia mkono ule. Aliketi kwenye ukingo wa kiti cha pili. Alimgeukia Kija, kwa sababu Kija ndiye aliyekuwa bado anatetemeka, na anayetetemeka bado hajaamua.

"Mama Minza, harusi hiyo ilifanyika wapi?"

"Usevya. Mwaka jana, baada ya mavuno."

"Bibi Monika alikuwepo?"

Kija alimtupia bibi jicho. "Tungemjulia wapi? Hata hii saluni tulikuwa hatuijui."

"Malengelenge yale, na haya ya kichwani, yanafanana?"

Kija aliweka kisahani kwenye rafu. Alisogea, akauchukua mkono wa binti yake, akautazama, akainamia kichwa pale nyuma ya sikio palipokwisha kufunguka, akarudi kwenye mkono. Alipitisha kidole juu ya ua moja. Yeye ndiye aliyeupaka mkono ule samli. Aliujua kuliko mtu yeyote.

"Yanafanana," alisema.

"Ile dawa inayotia weusi kwenye piko imo na kwenye rangi za nywele," Dafrosa alisema. "Hata kwenye hii nyekundu imo. Ngozi ya Minza iliikataa mara ya kwanza mkononi. Mara ya pili imeikataa kwa hasira." Alilojua anapaswa kusema lilikuwa linasubiri, na fimbo ilikuwa hatua chache kutoka kwake. "Kwenye boksi kuna karatasi. Inasema upake tone nyuma ya sikio, usubiri siku mbili. Mimi huwa napaka. Jumatatu sikupaka, kwa sababu mtoto alikuwa anawahi basi na nilitaka apendeze. Wala sikumuuliza kama amewahi kuchorwa piko."

Manyanda alisogea.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni rangi. Na mimi ndiye niliyeipaka. Bibi huyu hakufanya lolote isipokuwa kusaidia."

"Unajua unachokisema? Mbele yangu?"

"Ninajua."

Hakuwa na hakika kwamba anajua. Aliona mshipa kwenye shingo ya Manyanda, akaona Bibi Monika akirudi nyuma hadi ukutani. Bibi sasa alikuwa ameelewa. Kifuniko cha chupa ya chai kilimponyoka, kikabingirika hadi chini ya sinki, asikifuate.

"Maneno mazuri," Manyanda alisema hatimaye. "Mtu akitaka kumficha mwenzake husema hivyohivyo." Akamnyooshea dada yake mkono. "Lete hizo nywele. Anayejua ukweli atausema."

Kija alikichukua kisahani kwenye rafu. Kwa muda hakuna aliyejua atampa au hatampa. Kisha akazikusanya nywele zote kwa vidole, akazifunga kwenye pindo la khanga yake, akakaza fundo kwa meno.

"Nywele za mwanangu ninakaa nazo mimi," alisema. "Nimemzaa mimi."

"Kija."

"Kama ni rangi, ikitoka atapona. Tungoje tuone."

Manyanda aliwatazama mmoja mmoja. Alipofika kwa Bibi Monika alimkazia macho muda mrefu, na bibi akayashusha yake.

"Nyie wanawake mna maneno," alisema. "Kesho mchana nitapita. Nikikuta kichwa kimefunguka chote na uvimbe umeshuka, narudi kwa ng'ombe wangu. Nisipokuta hivyo, sitakuja kuuliza hapa."

Alitoka. Pikipiki ilikataa kuwaka, akaipiga teke tena na tena, na ndani hakuna aliyesogeza mguu mpaka ilipokubali na mlio wake ukapotea upande wa soko.

Dafrosa alinawa mikono. Aliikausha, akarudi nyuma ya kiti cha Minza na kushika fungu la utosini. Alipolibana tu, maji mapya yenye uwekundu wa damu yalichomoza kwenye ngozi, na Minza akavuta pumzi kwa meno.

"Hapa tusimame," Dafrosa alisema.

"Bado nusu," Kija alisema. "Umesikia alivyosema. Kichwa chote."

"Nikilazimisha leo, ngozi itachanika. Ikichanika, kesho Manyanda atakuta Minza amezidi kuvimba."

"Na ukisimama, atakuta nusu."

Dafrosa aliutazama upande wa kulia, nywele zimelala pamoja kama ngozi ya kondoo iliyonyeshewa. Alipiga hesabu ya mwanga wa asubuhi na hesabu ya vidole vyake. Hesabu haikukaa sawa, naye hakusema kwamba imekaa sawa.

"Tutaanza kukipambazuka. Nyie laleni kwangu, chumba kipo. Asilalie upande huu." Alichukua kitambaa laini cha pamba, akakilowesha, akakikamua, akakilaza juu ya nusu iliyobaki bila kukikaza. "Na wewe, bibi, lala kwangu leo."

"Kwangu kuna nini?" Bibi Monika aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hakuna kitu. Nahitaji mtu wa kuamka kupika uji wa mgonjwa."

Bibi alimtazama, akaitikia kwa kichwa taratibu, akaanza kukusanya vikombe. Minza alikuwa amesinzia akiwa ameketi, mdomo wazi. Dafrosa alichovya pamba kwenye dawa, akagusa mara ya mwisho pale nyuma ya sikio la kushoto, akachungulia kama wekundu umepungua. Ulikuwa umepungua kidogo, au ni jua lililokuwa linaondoka dirishani. Alifunga dawa. Kisha akapanga juu ya kitambaa safi vitu vya kuanzia asubuhi: chupa ya kupulizia, sabuni, pamba, na kisahani kile cheupe, kitupu.