Mzimu Aliyesalimia

Ezron wa Soweto, pale Mbeya, alikuwa mpiga video wa harusi na vipaimara, na kwa siri ya moyo wake alijiona bingwa wa filamu za kutisha. Siri gani hiyo, mtaa mzima uliijua. Filamu yake ya kwanza ilikuwa na visa vitatu, kila kimoja na mzimu wake, na msidhani ni ufundi. Kisa kirefu kinataka waigizaji wengi. Vifupi vitatu vinataka nyumba moja, wigi moja na Severina.

Severina alikuwa binti wa Kihehe kutoka Kilolo, amekuja Mbeya kujifunza ushonaji. Katika kisa cha kwanza alikuwa mke aliyekufa, katika cha pili nesi aliyekufa, katika cha tatu bibi harusi, naye marehemu. Damu ilikuwa juisi ya rozela. Usiku waliutengeneza saa sita mchana kwa kuziba madirisha na mablanketi. Na Ezron alimpenda, jamani. Alimpenda hata akawa anarudia picha zisizo na kosa ili tu amtazame tena. Lakini hakumwambia. Mwanamume mwenye mdomo wa kuwaamrisha watu wazima, kwa neno hilo moja alikuwa bubu.

Mambo yaliharibika kwenye kisa cha tatu. Bibi harusi aliyekufa anaingia sebuleni kwa baba mkwe, ambaye ni mzee Benjamini, Mbena mstaafu wa kwaya. Mzee anamwona, anashika kifua, anakata roho. Kazi rahisi. Severina akaingia na uso mweupe kwa unga wa sembe, akamwona mzee kwenye kiti, akapiga goti.

"Kamwene, baba."

Na mzee, badala ya kufa, akaitikia, "Kamwene, mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

Walirudia. Akasalimia tena. Walirudia tena, goti likaenda lenyewe. Ezron akapandwa na hasira. "Mzimu hasalimii, Severina!"

"Mzimu ni mtu aliyekufa," Severina akajibu taratibu. "Si mtu aliyekosa malezi. Nimpite mzee kama nimepita mbuzi?"

Hapo angecheka, yakaisha. Lakini ulimi hauna mfupa. Ezron akamwambia, mbele ya mzee na mbele ya watu, "Basi rudi Kilolo ukawasalimie washamba wenzako." Severina akafuta unga usoni kwa upande wa kitenge chake, akamuaga mzee Benjamini kwa heshima zote, akatoka. Kesho yake alipanda basi la Iringa.

Ezron hakuwa na mwigizaji mwingine, akaiacha picha vilevile, na salamu zake. Ilipoonyeshwa kwenye kibanda umiza cha Soweto watu walicheka, kisha wakanyamaza kimya. Mama Damari, muuza maandazi, ndiye aliyewasemea wote: mzimu wa kupiga kelele unamfukuza, lakini huyu amekusalimia kwa adabu na wewe umeitikia, sasa unaanzaje kumwambia atoke? Kwa wiki kadhaa mtu akipigiwa hodi jioni alichungulia kwanza ndipo akaitikia. Filamu ikapendwa hadi Tukuyu. Watu wakamsifu Ezron kwa akili nyingi, naye akazipokea sifa hizo zikamchoma, maana akili ilikuwa ya mtu aliyemfukuza.

Alimkosa vibaya. Kila jioni alifungua kompyuta akatazama vile vipande vinavyotupwa, Severina akifunga wigi, Severina akipiga chafya kwa sababu ya unga. Alishika simu, akaandika ujumbe, akafuta. Akaandika, akafuta. Miaka mitatu mizima mwanamume anaandika na kufuta, kisa aibu.

Mwaka huu akaanza filamu ya pili. Visa viwili akavimaliza, cha tatu akakiandika kwa ajili yake: mwanamke aliyekufa anarudi kumtazama mara ya mwisho mwanamume ambaye hakuja kumzika. Basi tu, kumtazama. Kilikuwa kisingizio, na Ezron alijua kuwa ni kisingizio. Alitaka Severina arudi, arudi kabisa. Akabeba kamera, akaenda Kilolo.

Alimkuta barazani kwenye cherehani, ukungu umekaa hadi mlangoni. Akasema, "Kamwene." Severina alimaliza pindo alilokuwa anashona ndipo akaitikia.

"Nimekuja kukuomba radhi," Ezron akasema. "Na nimekukosa, Severina. Sijui kuisema vizuri. Nimekukosa sana."

Severina akakiinamia kitambaa. "Baba alipokea posa mwezi wa nane," akasema. "Vitus, wa Mgololo. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi. Leo yupo, atakuja sasa hivi."

Ezron akaomba maji ya kunywa. Alipoyamaliza, Severina akamuuliza kisa chenyewe kinahusu nini, naye akamweleza. "Nitakuigizia," akasema. "Hapahapa nyumbani, mara moja tu."

Vitus akaja, na ubaya wake ni kwamba hakuwa na ubaya. Alitundika mablanketi madirishani, akashika taa bila kuombwa, akamwita Ezron kaka. Ezron alimtafutia kasoro akakosa hata ya dawa.

Wa kuigiza yule mwanamume hakuwepo, kwa hiyo kamera ndiyo ikawa mwanamume. Severina akajipaka unga, akaja hadi karibu, akaitazama. Kwenye karatasi hapakuwa na maneno. Alitakiwa atazame, ageuke, aondoke.

Hakugeuka. "Nilikungoja," akasema polepole. "Miaka miwili. Kila basi lililosimama pale barabarani nilitoka nje nikaangalia. Neno moja lingetosha."

Ezron hakujua kama anayesema ni marehemu au ni Severina. Yaani alijua. Machozi yalikijaza kile kioo cha kuangalizia asione kitu, na mkono haukusogea. Kamera iliendelea kuchukua. Maadamu inachukua, Severina alikuwa bado amesimama mbele yake, anamtazama yeye peke yake, na hakuna mahali pengine duniani ambapo angempata tena hivyo.

Mkono wa Vitus ulianza kutetemeka kwa uzito wa taa. "Kaka, bado?" akauliza kwa upole.

Ezron akazidi kuishikilia kamera.

"Kata, Ezron," Severina akasema.

Akakata. Severina akaenda uani kunawa uso, na Vitus akaanza kushusha mablanketi, moja baada ya jingine, mpaka chumba kikawa cheupe.