Filamu Iliyoanguka Paris

Ghislaine Vandaele alijiandikisha kwenye darasa langu akiwa na miaka sitini na mitatu. Nilikuwa nafundisha chuo kikuu cha Lille, somo la sinema ya Kifaransa inayojaza kumbi, ile ambayo wakosoaji huibeza. Wanafunzi wenzake walidhani amekosea chumba. Yeye alivua koti, akaketi mstari wa mbele, akatoa kalamu tatu.

Ujanani alikuwa mwonyesha viti katika ukumbi mmoja wa sinema huko Roubaix, mji wa viwanda jirani na Lille: anakupokea mlangoni, anakumulikia tochi hadi kitini, na wakati wa mapumziko anakuuzia aiskrimu. Kwa miaka kumi na mmoja alitazama kila filamu akiwa amesimama nyuma, mara ishirini, mara thelathini. Ukumbi ulipofungwa akaenda kupika kantini ya shule mpaka akastaafu.

Tasnifu yake alitaka iwe juu ya Raoul Castagnier. Watu wa rika lake wote wanamjua: staa wa filamu za kipelelezi, koti la ngozi, ngumi nzito, maneno machache. Mwanzoni mwa mwaka 1974 Castagnier aliweka bastola kando akacheza filamu moja ya machozi, kama mjane anayelea binti kiziwi. Vitabu vyote, na changu kimo, vinasema ilianguka, kwa sababu watazamaji hawakukubali kumwona staa wao nje ya filamu za aina yake.

“Uongo huo,” Ghislaine aliniambia ofisini. “Roubaix ilikaa wiki saba. Wanawake wa viwandani walikuwa wanatoka macho mekundu. Leso nimeziokota mimi mwenyewe chini ya viti.”

“Paris iliondolewa baada ya siku kumi na mbili, mama. Takwimu zipo.”

“Kwani sisi wa Roubaix si watazamaji?”

“Ni watazamaji. Ila kumbukumbu ya mtu mmoja si ushahidi.”

Alinitazama kama mtu aliyeuziwa samaki aliyeoza. “Haya. Huo ushahidi nitakuletea, binti yangu. We safisha meza tu.”

Majira yale yote ya baridi, kila Jumanne na Alhamisi, alikuwa maktaba ya mji akifunua magazeti ya zamani, ukurasa wa matangazo ya sinema. Februari akaja ofisini kwangu, hakutaka kukaa.

“Wiki nne,” alisema. “Si saba.”

Nilifunga kitabu nilichokuwa nasoma.

“Ukicheka naondoka.”

“Sicheki. Hata nne ni zaidi ya mara mbili ya Paris.”

“Ningeapa mbele ya padri kwamba ni saba, mwalimu. Mbele ya padri!”

Nilidhani atabadili mada. Badala yake alisumbua watu mpaka akaazimwa nakala ya filamu, akaomba chumba katika klabu ya wastaafu wa Roubaix, akabandika tangazo kwa mwoka mikate: aliyeiona filamu hii mwaka ule, aje. Walikuja ishirini. Mbele yao alikuwa Josiane Deroo, mwanamke mwenye sauti ya kengele, aliyesokota sufu kiwandani miaka thelathini. Nilikaa nyuma kabisa. Ghislaine alikataa kiti, akasimama ubavuni mwangu na daftari lake.

Hakuna aliyelia. Castagnier alipoanza kujifunza lugha ya ishara ili azungumze na bintiye, chumba kizima kiliangua kicheko.

“Mwangalieni, vidole kama soseji!” Josiane alipaza sauti.

Mama mkwe alipobisha hodi, watatu walisema kwa pamoja, “Usimfungulie, mjinga wewe!”

Ghislaine aliacha kuandika.

Taa zilipowashwa, tukala pai ya sukari na kahawa, naye akawauliza kwa nini walikuja sinema mwaka ule.

“Si ulikuwa mgomo wa wachimba makaa, shoga?” Josiane alijibu. “Nyumbani makaa hatuna, watoto wanatetemeka. Kwenu kulikuwa na joto.”

Wote walicheka. Ghislaine hakucheka. Josiane akaweka kikombe chini.

“Mara ya kwanza nilifuata joto. Halafu nikarudi, tena na tena. Mwanamume mwenye ngumi zile, anamsuka bintiye nywele! Baba yangu hakuwahi kunigusa kichwa ila kunizaba kofi. Na nililia, ndiyo. Usiandike.”

“Nitaandika.”

“Basi andika jina langu vizuri. Deroo, o mbili.”

Tukielekea kituo cha metro nilimwambia kwamba habari za makaa si lazima ziingie.

“Niziache?” Alisimama pale pale. “Nimechukia kuzisikia, sikufichi. Nilitaka wawe walikuja kwa ajili ya Castagnier. Lakini wamesema, na nimesikia.”

Akarudi maktaba kutafuta tarehe za mgomo. Sura ya watazamaji wa Roubaix aliiandika mara tatu.

Juni alisimama mbele ya jopo. Mtahini wa nje, bwana mmoja kutoka Paris, alivua miwani akamuuliza, “Kwa hiyo, bibi, aliyejaza ukumbi ni staa au ni joto?”

“Wiki mbili za kwanza, joto, bwana, nalikubali. Kisha mgomo ukaisha, watu wakarudi kazini, makaa yakapatikana. Tarehe ziko ukurasa wa arobaini. Filamu ikakaa wiki mbili zaidi, ukumbi umejaa. Hizo walimfuata nani?”

Bwana yule alivaa miwani, akafungua ukurasa wa arobaini, akausoma wote huku sisi tukingoja. “Endelea,” alisema.

Alipata kumi na sita kati ya ishirini. Nilipomtolea matokeo koridoni nilitegemea anikumbatie.

“Nne zimekwenda wapi?” aliuliza.

“Marejeo yako yamekaa ovyo, mama.”

“Yapi?”

“Tutayaona wiki ijayo. Leo nenda kapumzike, watoto wako wanakusubiri nje na maua.”

“Maua hayanyauki kwa dakika kumi,” alisema, akaweka tasnifu juu ya ukingo wa dirisha, akachomoa kalamu. “Nionyeshe.”