Karakana ya Turubai ya Noeline

Siku ya kuvuta turubai hakuna mpishi wala dereva. Kila mwenye mikono anaitwa, na ndivyo nilivyojikuta nimeiacha supu ya samaki jikoni, nimeshika kamba.

Kambi yetu iko mgodini, kaskazini ya Behchoko, nchini Kanada. Huko nyumba ya kudumu ni hasara, maana mwakani machimbo yatasogea na karakana itabidi isogee nayo. Tunasimamisha matao ya chuma, tunayavisha turubai zito la plastiki, na humo ndani mafundi wanatengeneza mitambo majira yote ya baridi bila vidole kuganda.

Nyapara safari hii alikuwa Noeline, mtoto wa dada yake Alphonse, mmoja wa wazee wa kikosi chetu. Zamani alikuwa akifua mashuka hapahapa kambini, kisha akaenda Edmonton kusomea ujenzi wa haya majengo, akarudi na kofia nyeupe ya unyapara kichwani. Msimamizi wetu, Kowalchuk, alimwambia mbele ya watu wote, "Karakana ya mwaka jana ilichanika. Hii nayo ikichanika, naleta kikosi kutoka kusini, na wewe unarudi kwenye mashuka." Nilimchukia bwana yule papo hapo. Siku ile chai yake niliipeleka ya uvuguvugu.

Turubai lilipanda vizuri. Upepo ulikuwa umelala. Tulirusha kamba juu ya matao, kila moja imefungiwa buti kuukuu ili iwe nzito, na buti moja nusura limwangukie Alphonse kichwani.

"Bertha, unataka kuniua?" akanipigia kelele.

"Ningetaka kukuua ningetumia supu!"

Tukacheka, tukavuta, matao yakavaa nguo.

Balaa lilikuja kwenye kukaza. Alphonse na wazee wenzake wamekulia kwenye mahema ya kitambaa. Kitambaa kikinyeshewa husinyaa, na hema lililokazwa sana hung'oa vigingi, kwa hiyo kila mtoto wa kwetu anajua kuliachia kidogo. Basi wazee wakapita kwenye mikanda ya kukazia, wakailegeza mmoja baada ya mwingine, kwa nia njema kabisa.

"Mjomba," Noeline akasema taratibu, "tukaze zaidi."

"Mwanangu, hema linataka kupumua. Bibi yako hakukufundisha?"

"Alinifundisha."

"Haya basi."

Akawaacha walegeze. Kwetu hujibizani na mjomba mbele za watu, sembuse Alphonse, mpiga ngoma ambaye asipokuja, sherehe hainogi. Lakini mimi damu ilinichemka. Nikamvuta yule binti pembeni.

"Nyapara hapa ni nani?"

"Shangazi, yule ni mjomba wangu."

"Heshima si utumwa, mama. Likichanika, atakuja kukusaidia kufua mashuka?"

Macho yake yalijaa machozi, nami nikajuta kidogo. Kidogo tu.

Baada ya chakula cha mchana upepo ukaamka ziwani. Ukuta wa upande ule ukaanza kupiga chuma, pa, pa, pa. Plastiki haisinyai hata uimwagie ziwa zima. Ililegea vilevile tulivyoiacha, na penye mshono mkunjo mweupe, dalili ya kuchanika, ukaanza kujitokeza.

"Litatulia tu," Alphonse akasema, lakini uso wake ulisema mengine.

Noeline akaja mbio. Hakupiga kelele. Alimshika mjomba wake mkono, akakiweka kiganja chake juu ya ukuta uliokuwa ukipigapiga.

"Mjomba, ngoma yako ikilegea hivi unaifanyaje?"

"Naipasha moto, ngozi ikaze."

"Na ukiiacha hivihivi?"

"Hailii. Mwisho itachanika ukingoni."

"Basi hili si hema, Mjomba. Hii ni ngoma. Moto hatuna, tuna mikanda. Nenda upande wa ziwa, kaza mpaka nikwambie basi. Sasa hivi."

Sote tukaganda. Nilikuwa sijawahi kusikia mtoto akimwamrisha Alphonse. Mzee akamtazama, akautazama ukuta, kisha akawageukia wenzake.

"Mnangoja nini?" akawafokea. "Hamjamsikia?"

Tulikaza hadi viganja vyangu vikatoka malengelenge. Harufu ya supu iliyoungua ilitufikia, nikaiacha iungue. Kishindo kikapungua, kikapungua, hadi ukuta ukasimama imara na upepo ukawa unateleza tu juu yake. Alphonse akaanza kuzunguka jengo lote, akigonga kwa kifundo cha kidole, sikio karibu.

"Hapa bado."

Noeline akakaza.

"Hapa pia bado, mwanangu. Ehee! Hapa inalia."

Nilimwona binti akicheka kwa mara ya kwanza tangu avae ile kofia, na mimi, mtu mzima, nikafuta macho kwa aproni.

Kowalchuk alifika na gari lake upepo ukiwa ungali unavuma. Alishuka, akaikagua karakana kwa macho, kisha akamwendea moja kwa moja Alphonse, mwenye mvi nyingi kuliko sisi wote.

"Vipi, imekazwa vya kutosha? Niingize mitambo?"

Alphonse alilijua jibu. Alikuwa amegonga kila kipande kwa mkono wake mwenyewe. Lakini alichongoa midomo, kama tufanyavyo kwetu, akamwonyesha Noeline aliyekuwa amepiga magoti chini.

"Muulize nyapara," akasema. "Mimi hapa navuta kamba tu."

Noeline hakuinua hata kichwa.

"Umebaki mkanda mmoja," akamwambia Kowalchuk. "Subiri."

Na Kowalchuk akasubiri.