Bomba Lililoomba Kofia

Usiku wa kuamkia leo Rukia Mwabeja aliota yuko kazini, na kazini hakukuwa na shida ila moja: chujio lilikuwa linakohoa.

Rukia ni msimamizi wa pampu katika kituo cha umeme kilichojengwa kando ya mkono wa bahari. Kituo huvuta maji ya bahari ya kupozea mitambo. Maji huingia kwa bomba lililozikwa chini ya mchanga, mdomo wake ukitazama juu, na samaki wadogo huvutwa pamoja nayo hadi kwenye chujio la chuma, wakafia hapo. Asubuhi Rukia huzoa chaa na tasi kwa koleo. Tangu aanze kazi hiyo, samaki akiwekwa mezani hamshuki kooni. Mkuu wa kituo alikuwa amempa hadi Jumatatu alete dawa ya jambo hilo, na dawa yenyewe hakuwa nayo.

Basi chujio likakohoa, likamtema chaa mmoja, mzima, amevaa beji ya mgeni. Chaa akamwamkia kwa adabu, akaeleza kwamba ukutani pameandikwa kila aingiaye kituoni sharti avae beji, naye hakupenda kuvunja sheria. Wenzake waliomtangulia waliingia bila beji, na hakuna aliyewaona tena.

Rukia akamuuliza mbona hawakukimbia walipoona maji yanawavuta.

"Maji yakitusukuma ubavuni tunajua, tunakimbia," akasema chaa. "Yakituvuta kwenda chini hatujui, mama. Tunadhani ni usingizi."

Rukia akaona ni jibu la haki. Akafungua mlango wa stoo achukue koleo, kumbe stoo ni chini ya bahari.

Anatembea mchangani, viatu vyake vya kazi havilowi. Mbele yake chewa mnene, mapezi yamevikwa glavu nyeupe kama askari wa barabarani, ameyasimamisha maji. Maji yote ya bahari yamepanga foleni, yametulia, yanasubiri. Chewa anasema sheria iko wazi, maji yasiende kasi kumshinda samaki mdogo, na haya yamekutwa yakimpita chaa mjamzito kwenye kona. Rukia anayaombea maji yasamehewe, kwa kuwa yanasukumwa na pampu zake mwenyewe. Chewa anafikiri, kisha anamwambia akaseme na bomba, maana ndilo linaloyaita.

Bomba lilikuwa papo hapo, mdomo wazi, likitazama juu. Likasema halina ubaya na kiumbe yeyote. Ila tangu lizikwe pale limekaa kichwa wazi, na kila kipitacho juu kinaliangukia kinywani. Aibu hiyo imelifanya lisiende hata maulidi.

"Nitafutieni kofia," likasema. "Isinibane. Ipae kidogo, nivute pumzi pembeni."

Rukia akageuka, na mumewe Shee, mshona kofia za viua, zile zinazodariziwa vitundu kwa mkono, alikuwa amekwisha kuketi kando ya bomba, miguu kaikunja, uzi mdomoni. Rukia hakushangaa, kwa kuwa Shee hana tabia ya kuchelewa kwa mteja. Nyumbani, mkewe akianza habari za pampu, yeye huitikia hewaa, hewaa, macho yake yakiwa kwenye sindano. Lakini kule chini alisikiliza kila neno. Alinyoosha mikono akapima kichwa cha bomba, akataja kipimo kwa sauti. Akauliza maji yaingilie wapi, na chaa wapitie wapi. Rukia akamweleza yote, naye akashona, kiua baada ya kiua, viputo vikimtoka puani, huku mkewe akimshikia kitambaa upande wa pili. Ilikuwa zamani sana tangu wakae hivyo, wawili kwenye kazi moja. Rukia akatamani kofia ikawie kwisha.

Ilikwisha. Wakalivika bomba, na maji yakaanza kuingia kwa ubavu, polepole. Chaa walifika, wakasukumwa kidogo, wakakunja nyuso kama watu waliokanyagwa sokoni, wakageuka kwenda zao. Hakulala hata mmoja. Chewa akavua glavu akaenda kunywa chai. Bomba likashukuru, likauliza maulidi ni lini.

Rukia akaamka jua limeingia dirishani, moyo wake mweupe. Hata kanga hajajifunga sawasawa, akachukua penseli akachora bomba lenye kofia ya zege iliyopaa juu ya mdomo wake, ikiachia maji nafasi ya kuingia pembeni. Dawa ya Jumatatu ndiyo hiyo, nyepesi mno hata akacheka peke yake. Hakuwa amemwambia mtu neno.

Shee alikuwa ameketi upande wake wa kitanda, akizitazama ncha za vidole vyake. Zilikuwa nyeupe, zimekunjamana kama za mtu aliyefua nguo tangu alfajiri.

"Mama Aziza," akasema, "kile kichwa nilisema ni pima mbili, au pima mbili na shubiri?"

"Na shubiri," Rukia akajibu, akaandika.