Toleo Lililochakaa

Tangu wamzike mwanawe, mzee alikuwa ameomba kitu kimoja tu, na kitu chenyewe binti yake hakuwa nacho.

"Ile sinema ni Ijumaa," alisema, akiwa kwenye kiti chake cha plastiki karibu na dirisha, uji ukishika utando kwenye bakuli. "Nataka kwenda. Ila sitaki kukaa mle ndani kama kiziwi kwenye ngoma. Nipe pa kuanzia."

Binti yake akaitikia haraka haraka, ndiyo baba, kabla hajajua anaitikia nini. Siku zote hizo mzee alikuwa hali, hasemi, haulizi hata saa. Mtu wa namna hiyo akikunyooshea kidole tu, unashika mkono mzima.

Huyu binti alikuwa fundi cherehani, si wa kushona magauni ya harusi, bali wa kupunguza suruali, kutia zipu na kuziba panapotoboka. Mdogo wake, marehemu, alikuwa kinyozi. Alinyoa kama vinyozi wengine, lakini saluni yake ilikuwa na rafu chini ya kioo, na rafu ilijaa vitabu vya katuni vya shujaa mmoja aitwaye Mbeba Mji. Mbeba Mji alikuwa mchukuzi wa mizigo aliyejaliwa nguvu zenye sharti. Aliweza kunyanyua gari, paa, hata daraja, ili mradi chini yake pawe na mtu aliye hai. Pasipo na mtu, ndoo ya maji ilimshinda.

Watu walikuja kwa ajili ya nywele wakaondoka na katuni. Tangazo la sinema lilipotoka wakaanza kuja hata wenye vipara. Wote waliuliza jambo moja: mimi mgeni, sijui lolote, nianzie wapi? Kinyozi alikuwa akiwashauri wembe ukiwa shingoni, wakati mtu hana ujasiri wa kubisha.

Baba yake ndiye hakuuliza. Alikuwa fundi mwashi, kajenga nusu ya mtaa kabla mgongo haujamstaafisha, na kila alipopita saluni alisema mtu mzima mwenye ndevu anasoma picha. Kijana alipokata tiketi tatu za onyesho la kwanza, yake, ya dada yake na ya baba, mzee alisema hiyo ya kwake apewe mbuzi. Alitania. Lakini utani wa mwisho ndio usiokubali kuzikwa. Muda mfupi baadaye figo za kijana, zilizokuwa zikimsumbua chini kwa chini, zikamwangusha bafuni asubuhi, na haikuwepo tena nafasi ya kuufuta.

Wageni wa msiba walipotawanyika, yule mwenzake wa saluni, ambaye wateja walimwita Taratibu kwa vile kichwa kimoja kilimchukua muda wa vichwa vitatu, alizileta katuni nyumbani ndani ya maboksi. Alisema kitu mlangoni, kwamba amezipanga kama zilivyoachwa, lakini siku hiyo dada mtu masikio yake yalikuwa yanapokea sauti tu, si maneno. Alipofungua maboksi akakuta fujo. Toleo la sitini na kitu limekaa kabla ya la tisa, la tisa kabla ya la arobaini. Akaona ni ugonjwa huo, mdogo wangu alishachoka hata kupanga vitu vyake. Akachukua kitambaa chenye unyevu, akafuta jalada moja moja huku akilia, kisha akazipanga zote kuanzia namba moja hadi ya mwisho. Ilikuwa kazi ya mikono, na mikono yake ilipopata kazi moyo ulitulia kidogo. Alijiona amemtendea wema.

Kwa hiyo baba alipoomba pa kuanzia, alimpelekea namba moja. Mzee mwenyewe aliafiki. Nyumba huanzia msingi, alisema, akavaa miwani.

Msingi wenyewe ulikuwa wa mchanga mtupu. Toleo la kwanza lilichorwa na mtu mwenye haraka. Wafalme wa nyota tatu walikuwa wanagombana kwa maneno yaliyojaza ukurasa hadi nyuso zao hazionekani, na Mbeba Mji alivaa joho ambalo baadaye, inaonekana, hata yeye alilionea aibu. Mzee akafuata kwa kidole, akarudi nyuma, akafuata tena. Akamaliza la kwanza, akamaliza la pili. Katikati ya la tatu akavua miwani.

"Kumbe ndicho hiki," alisema. "Ndicho alichokaa nacho badala ya kukaa na mimi."

Hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika. Alilirudisha lile toleo mkononi mwa binti yake taratibu kama anayerudisha chenji iliyozidi, akaingia chumbani. Siku iliyofuata hakutoka. Uji ulipelekwa wa moto ukarudi wa baridi. Binti alisimama nje ya mlango ule akaona wazi kwamba mzee alikuwa amekuja kumtafuta mwanawe mara moja, hakumkuta, na hatakuja tena. Naye atamfuata mwanawe kwa njia nyingine.

Alhamisi asubuhi, roho mkononi, alikwenda saluni.

Taratibu alikuwa na kichwa cha mteja kwenye kiti, nusu kimenyolewa. Rafu chini ya kioo ilikuwa tupu, ila mtu alikuwa ameweka chupa ya spiriti pembeni, kama anayeomba radhi. Dada mtu alipomweleza kwamba amempa mzee namba moja, Taratibu alizima mashine.

"Nani kakwambia namba moja, dada? Namba moja alikuwa anawapa wale asiotaka warudi."

Mteja akacheka, kisha akakumbuka msiba.

Taratibu akamweleza polepole, kama alivyofanya kila kitu. Ile rafu ndiyo ilikuwa maelekezo. Upande wa mlangoni lilikaa toleo la mgeni asiyejua kitu, linalofuata lilikaa baada yake, na hivyo hivyo kuingia ndani, hadi kule mwisho penye tundu la umeme, yalikokaa ya wenye wazimu wao. Namba hazikuhusika. "Alikuwa anasema mgeni haingii nyumbani kupitia msingi, anaingia mlangoni. Akasema hilo kajifunza kwa mwashi mmoja mkali sana."

Dada mtu akakaa kwenye benchi. Aliuliza, kwa sauti ambayo hakuitambua, lile la mlangoni lilikuwa lipi. Taratibu akashika kiuno. Hakujua. Yeye ni mtu wa mpira, katuni hajafungua hata moja, alikuwa anaona tu zinatoka na kurudi. Alijaribu kukumbuka rangi ya jalada, akasema nyekundu, akasema hapana, labda ilikuwa taulo.

Hapo akaingia muuguzi, bado na sare yake, akiwa na haraka. Kesho anakwenda kuona Mbeba Mji na mchumba wake, hataki aonekane mshamba, na ameambiwa hapa kuna kaka anayejua mtu aanzie wapi. Yupo? Taratibu aliangalia mashine mkononi mwake kwa muda.

"Ametoka," alisema. "Pitia siku nyingine."

Dada mtu aliondoka kabla ya kuliona jibu hilo likimfikia muuguzi. Njia nzima aliwaza jambo moja: kinyozi hajinyoi, na aliyewaonyesha wote mlango hakubakiwa na mtu wa kuuonyesha mlango wake. Na ule aliouacha wazi, yeye dada mtu kaufunga kwa kitambaa chenye unyevu, na bado akajisifu.

Nyumbani alimwaga katuni zote sakafuni. Mfa maji haachi kutapatapa. Alifungua moja, akasoma kurasa mbili, haikumwingia akilini. Akafungua nyingine. Majumba yanawaka, watu wanaruka, nani adui wa nani hajui. Angezisoma zote mpaka kesho asingejua ipi ni mlango, maana yeye mwenyewe alikuwa nje. Akalia kidogo. Kisha, kwa kuwa mteja angekuja kuchukua suruali yake mchana, akainuka aende kuimaliza.

Akaishika ile suruali na kuipitishia dole gumba, kama afanyavyo kwa kila nguo kabla ya kuitia sindano. Magotini imara. Makalioni imelegea, nyuzi zimebaki kama utando. Mwenye suruali hii anakaa kutwa nzima, dole gumba lilimwambia. Nguo husema inakotumika.

Akaiacha kwenye cherehani. Akarudi sakafuni kwa magoti, akafumba macho, akaanza kuzishika katuni moja baada ya nyingine kama nguo za wateja. Nyingi zilikuwa ngumu, pembe zinachoma. Chache zilikuwa laini. Moja ililala mkononi kama leso. Akafumbua macho. Jalada lilikuwa limeshikizwa kwa selotepu juu ya selotepu, pembe zimekuwa mviringo, pini ya katikati imebadilishwa kwa uzi, na mshono ule aliutambua, aliufundisha yeye. Alikuwa ameufuta nje bila kuuona. Ndani hakufuta. Kwenye mkunjo wa katikati palijaa nywele fupi fupi za watu, nyeusi na za mvi, za wote waliolisoma wakiwa kwenye kile kiti.

Mzee alikuwa amelala akiuelekea ukuta. Binti akakaa kitandani. Baba yake akasema, mama, yaache. Alikuwa akimwita hivyo tangu utotoni, kwa kuwa alirithi jina la bibi yake.

Hakuyaacha. Alifungua ukurasa wa kwanza, na kwa kuwa maneno yalikuwa machache, akaanza kueleza picha. "Ukuta umeanguka," alisema. "Nyumba nzima imelala."

Mzee, bila kugeuka: "Ukuta gani?"

"Wa matofali. Ghorofa mbili."

"Nguzo za kona zipo?"

"Sizioni, baba."

"Hawakuweka nguzo," alisema mzee, akageuka. "Lete nione."

Akaona. Mbeba Mji anafika penye kifusi, watu wanampisha, wanajua kazi imekwisha. Anaingiza mikono chini ya zege. Zege halisogei. Watu wanaguna, mmoja anasema leo amechoka, mwingine anasema ni mvivu. Yeye peke yake ndiye anayejua maana yake, kwa kuwa sharti la nguvu zake ni siri yake peke yake. Na aliyekuwa ndani ya nyumba ile ni ndugu yake. Hapo maneno yanakoma. Kurasa zinazofuata ni mikono tu, mikono chini ya zege, jua linahama, watu wanaondoka, mikono bado ipo.

Mzee aliweka kiganja juu ya picha ya mikono ile.

"Pale bafuni," alisema, "nilimshika kwapani. Hakunyanyuka. Mimi, niliyepandisha saruji ghorofani mifuko miwili miwili. Nikavuta tena. Majirani walipokuja walinikuta nimekaa chini naye. Daktari alisema alikuwa ameshakwenda kabla sijafika. Sikumwamini. Nilijua ni mikono yangu imekwisha. Nikasema, angekuwa na baba mwenye nguvu."

Binti yake hakuwa amewahi kulisikia hilo. Alimshika mkono, na mzee akauacha ushikwe, huku ule mwingine ukiwa juu ya picha.

"Hata huyu," alisema mzee.

"Hata huyu, baba."

Alilia basi, kwa mara ya kwanza, kilio kibaya cha mtu asiyekizoea. Kilipopungua alijifuta kwa shuka, akaweka miwani sawa.

"Linalofuata lipi?"

Binti hakulijua. Alirudi kwenye zile zilizotapakaa, akatafuta kwa vidole ile iliyochakaa kidogo kuliko hii, akampelekea, na siku hiyo wakasoma, wakapotea, wakarudi nyuma. Mzee alikunywa uji nusu bakuli, akagombana na mchoraji kuhusu ngazi.

Ijumaa mchana binti alimkuta mlangoni, amevaa viatu vya msibani, tiketi zote tatu mkononi. Akamwambia kwa hofu kwamba hawajafika hata nusu, kuna watu humo hawatawajua, huenda wakakaa kama viziwi kweli.

"Na msiba je, tumefika nusu?" aliuliza mzee. "Funga mlango, twende."