Kamera Zipewe Saba

"Mama Waya, kadi ya mtoto huyu bado inazunguka tu," dada wa dawa aliita kupitia dirisha dogo la ukutani. "Dozi yake imo humo. Kifafa mimi sikisii."

"Ngoja kidogo, mdogo wangu."

"Nimengoja hadi hicho kidogo kimekua na kuoa."

Mama Waya aliweka kiganja juu ya kompyuta kuu ya zahanati. Ilikuwa na joto la paji la mgonjwa. Ndani yake mlikuwa na diski moja, kuukuu, iliyogombewa na wote: kadi za wagonjwa zikisomwa humo, na picha za kamera kumi na mbili zikiandikwa humo humo, asubuhi hadi asubuhi.

Aliajiriwa kufagia. Kompyuta alijifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya maelekezo alivyookota jalalani na kwa kuuliza maswali hadi mafundi wakawa wanamkwepa. Ila kusahau hakujifunza. Diski ya pili iliahidiwa. Aliisikia ahadi hiyo kwa masikio yake. Kisha wauguzi wakagoma wiki nzima wakidai glavu, na kilicholetwa, badala ya glavu, badala ya diski, ni kamera. Mgonjwa asubiri. Anayelalamika apigwe picha.

Alikuwa ameshafungua orodha inayopanga diski imhudumie nani kwanza (kadi na kamera zote zilikuwa na namba nne), mlango ulipofunguliwa bila hodi. Mkurugenzi.

"Picha za jana zimekatikakatika. Nataka kamera zitangulie. Zinapangwa kwa namba hizi?"

"Ndiyo, mzee."

"Kubwa kabisa ni ipi?"

"Saba."

"Basi kamera zipe saba. Na hizo kadi..." Akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Sifuri."

Mama Waya akamtazama. Kwenye orodha ile sifuri ndiye anayeingia kwanza. Saba hungoja wengine washibe. Ilikuwa sentensi moja tu ya kusema. Mara mbili alishamweleza habari za diski hii, na mara mbili akaambiwa arudi kwenye ufagio wake. Akinyamaza leo, siku mtu huyu atakapogundua, kazi haipo. Na nyumbani watoto watatu wanakula kwa kazi hii. Akisema, yule mtoto wa dirishani ataendelea kusubiri.

"Kamera saba, kadi sifuri," alirudia polepole, akimpa nafasi. "Ndivyo unavyotaka?"

"Unataka nikuimbie?"

"Hapana, mzee. Nimesikia."

Akaandika. Akabonyeza. Viatu vya mkurugenzi vikagonga sakafu ya korido hadi havikusikika tena.

"Eh, imefunguka," dada wa dawa alisema upande wa pili. "Nusu kijiko, mama. Nusu, sio kizima. Anayefuata. Wewe, babu, sogea, yako nayo hii hapa."

Mama Waya alifungua picha za kamera ya ukumbini. Zilikuwa zimekwama: watu wamebanana kwenye benchi, mama amemlaza mtoto begani. Akainua macho dirishani. Mama yule alikuwa akitoka mlangoni na chupa mkononi, na nyuma yake benchi lilikuwa linapungua, mtu mmoja mmoja.

Akarudi kwenye kioo. Humo walikuwa bado wamekaa wote.